Sote Tulikuwa Ukumbini

Shikamoo Kaka,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi na mtoto. Mimi mwili hauna neno. Moyo tutauzungumza huko chini. Mama naye yupo, nitakueleza habari zake, ila usiruke mistari kama kawaida yako. Najua unashangaa barua ya mkono zama hizi. Ningekutumia ujumbe wa simu ungeusoma ukiwa kwenye foleni, ukanijibu kwa kidole gumba na kikatuni kinachocheka. Simu nimezikinai, Kaka. Rafiki yako fundi umeme anarudi huko kesho, na nimemwapisha akukabidhi hii mkononi mwako.

Kwanza asante kwa pongezi. Uliniandikia kwamba kampeni yetu imefika hadi huko, wenzako kazini wanaizungumza, na kwamba sasa umeamini kazi yangu si kuchezea simu. Miaka yote umenitania kuwa nalipwa kwa kupiga umbea wa kisasa. Basi laiti ungeendelea kunitania.

Wajua kwamba halmashauri ilitaka kuvunja soko letu la nyuma ya stendi wajenge maegesho ya magari. Wafanyabiashara walipewa notisi ya kuondoka, wakagoma, wakaja kwenye shirika letu kuomba msaada. Mwenyekiti wa soko alisema wao wameshapanga zamu za kukaa sokoni usiku na mchana, maana tingatinga halithubutu kupita juu ya watu. Walichotaka kwetu ni mwanasheria tu, na mtu wa kuwasemea magazetini.

Mkurugenzi wetu akawaambia hayo ni mambo ya kizamani. Huyu bwana sisi ofisini tunamwita Mkakati, maana hata chai hanywi mpaka ajue inaingia kwenye lengo lipi la mpango mkakati. Alisema shirika lina mkakati wa mawasiliano, na katika mkakati huo mwaka huu ni mwaka wa harakati za mtandaoni. Hivyo soko lingetetewa mtandaoni. Kazi ya kupanga akanipa mimi, na sikukutania nilipokuambia siku zile kwamba nilifurahi. Nilijiona nimefika. Nilichora meza ya walengwa, nikaandika ujumbe mkuu, nikatunga hashtegi, nikapanga nani aseme nini na lini.

Kilele cha mpango kilikuwa hivi. Ili hashtegi ipande ikashike namba moja nchini, lazima watu wengi waandike kwa mkupuo mmoja. Sokoni mtandao unasuasua na chaji ni ya kugombania. Nikapendekeza wafanyabiashara wote waje kwenye ukumbi wetu wenye waifai ya bure na soketi kila ukuta, saa nne asubuhi, waandike kwa pamoja. Mkakati alinipongeza mbele ya wote. Nikatengeneza tangazo zuri, la rangi, nikalirusha kila mahali: wafanyabiashara wote wa soko, ukumbini, siku fulani, saa nne kamili. Kaka, umeona? Mimi sikuona. Ofisi nzima ya wasomi haikuona. Tulimwandikia adui saa ya kuja, tukamwambia na kwamba nyumbani hapatakuwa na mtu.

Aliyeona ni Mama. Jioni ya kuamkia siku yenyewe nilipita kwenye kibanda chake pale sokoni kumkumbusha, nikamkuta amejiinamia juu ya cherehani yake ileile, anashona gauni la mteja. Akaniambia yeye haendi. Gauni linachukuliwa mchana, na ahadi ni deni. Nikamwambia, Mama, shughuli itachukua saa moja tu, utarudi kushona. Akakata uzi kwa meno, unavyomjua, akasema asiyekuwapo na lake halipo, na kwamba yeye hajapata kuona kitu kikilindwa na mtu aliyekwenda kukaa pengine. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia yeye na wakati wake wameachana zamani. Akacheka tu, akaniambia nimpishe mwanga.

Saa nne ukumbi ulijaa. Muuza nyanya anabonyeza kwa kidole kimoja kama anayejaribu maji ya moto, fundi viatu anauliza ile alama ya hashtegi, yenye sura ya reli, iko wapi, wote wamevaa nguo za kutokea. Projekta inaonyesha ukutani hashtegi yetu ikipanda: tisa, sita, nne. Kila ikipanda watu wanapiga makofi na vigelegele. Mwenyekiti wa soko, mtu mzima yule, alikuwa anafuta machozi ya furaha.

Ndipo simu ya kampeni ikatetemeka mkononi mwangu. Ilikuwa video kutoka kwa muuza nyama, aliyechelewa kwa sababu alirudi kufunga bucha. Vumbi tupu. Matingatinga mawili yanasukuma vibanda vya mbele, askari wamejipanga, hakuna mtu wa kuwazuia. Isipokuwa mwanamke mmoja. Ameketi kwenye kigoda mbele ya cherehani, gauni mapajani, amewapa ubavu, wala hasimami. Unaona ukuta unamwegemea na mbao zinaanguka, halafu picha inatikisika na kuisha.

Nilimpelekea Mkakati simu ile. Nilidhani atasimamisha kila kitu apaze sauti. Aliitazama, akaniambia kwa kunong'ona niirushe kwenye ukurasa wetu kwanza, sasa hivi, maana hiyo ndiyo itakayotupandisha kileleni. Ila uso wa yule mwanamke niufunike, kwa sababu sera yetu hairuhusu kuonyesha mtu ambaye hajasaini fomu ya ridhaa. Nikairusha. Video ikatokea ukutani kwenye projekta, na watu wakaliona soko lao likifa mbele ya macho yao. Walitoka mbio wakikanyagana, wengine wameacha simu kwenye chaji. Tulibaki mimi na Mkakati na viti vilivyopinduka. Hashtegi ikashika namba moja. Akanipa mkono, Kaka. Nami nikaupokea.

Soko sasa ni kiwanja kitupu. Shirika limeandika ripoti kwamba kampeni ilifanikiwa kuliko matarajio, kwa kuwa mkakati wetu ulipima watu waliofikiwa, haukupima vibanda. Juma lililopita tulikaa kikao cha kupanga awamu ya pili. Wanataka kumtafuta yule mwanamke wa kwenye video, wamsainishe fomu, awe sura ya kampeni. Mkakati alisema atolewe mtu wa kumsaka mitaani, na akanitazama mimi. Nikaweka ufunguo wa ofisi mezani nikaondoka. Hakuna aliyenifuata, nadhani walidhani naenda kumsaka.

Sasa nakuja kwenye lililonishikisha kalamu.

Video ile wewe uliisambaza. Uliandika kwamba laiti kila mtaa ungekuwa na mama kama huyu, shujaa asiyejulikana, na ukatia mioyo mitatu. Kaka, yule ni Mama. Ni Mama yetu. Ile ni cherehani iliyokushonea sare zako zote za shule.

Nami nilimjua. Nilimjua kabla vumbi halijatua, kwa namna alivyoinamisha shingo tu. Nikiwa namjua, niliketi nikamfunika uso kwa mikono yangu, nikahakikisha ukungu unamfuata vizuri kila anaposogea, nikaandika maneno ya kunogesha, nikabonyeza. Sikupiga ukelele. Sikukimbia. Wenzake waliokuja kumtoa chini ya mbao walitangulia, mimi nilikuwa nasubiri namba moja. Wala sikumwambia mtu yeyote pale kwamba ni mama yangu. Niliambiwa nifanye kazi, nikafanya. Najichukia, na sikuombi unisamehe.

Mama amevunjika nyonga. Yuko hapa kwangu, kitandani kwangu. Daktari amesema atatembea kwa mkongojo Mungu akipenda, ila kukanyaga cherehani asahau. Cherehani yenyewe ni chuma chakavu. Alilolilia si hilo. Alililia gauni la mteja.

Nilitaka kukupigia siku ileile, akanikataza. Muuza nyama alimwonyesha ulichoandika akamsomea. Tangu hapo anamwambia kila anayekuja kumjulia hali kwamba kifungua mimba wake alimwona kutoka ng'ambo yote ile, akamwita shujaa mbele za watu. Kila asubuhi ananitaka nimsomee tena, na kwenye lile neno la "asiyejulikana" mimi huruka. Anasema nisikusumbue, umeshaona yaliyompata, na kwamba ukipata nafasi utapiga mwenyewe. Simu haitoi mkononi. Haniruhusu kuichaji chumba cha pili asije akaikosa. Siku zinakwenda, na juzi aliniuliza polepole kama huenda umekasirika kwamba hakutii wito wa kuja ukumbini.

Basi ukiimaliza barua hii usinijibu mimi. Mpigie. Mwambie ulimjua papo hapo, ulimjua kwa shingo tu, na ulichelewa kwa sababu ya kazi. Nakufundisha uongo, najua, ila ukweli wetu sisi wawili hauna faida kwake.

Msalimu wifi, mbusu mtoto. Mama anakusalimu sana. Anasema hana haraka.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere