Binti Niliyemwahi kwa Nguruwe

Mwanangu wa kiume anataka kumwoa mwanangu wa kike, na kabla hujaitupa barua hii, mpendwa mshauri wa redioni, pokea salamu kwanza nikueleze. Mimi ni Mama Roslin wa huku kisiwani Malakula, yule mwenye viazi vikuu virefu kuliko mlango, na huyo wa kike sikumzaa, ni Leiwia, binti wa kisiwa cha Tongoa aliyetumwa na chuo kikuu kuiandika lugha yetu kabla wachache tunaoisema hatujaisha, na siku aliyoshuka botini nilimwona Lona, jirani yangu wa ng'ambo ya mto, anamkimbilia na mkeka amfanye binti yake, basi nikamwahi, nikachinja nguruwe, nikampa jina, akawa wangu, na sasa anayajua hata majani ya kufungia laplap, andazi letu la viazi vikuu, ambayo watoto wetu wanayataja kwa Kibislama tu, lugha ya mjini, na kamusi yake inaanza, 'Kwa mama yangu Roslin', ukurasa wa kwanza, mshauri, si wa katikati.

Shida ni Masing, kitinda mimba wangu. Kwetu kaka hamtanii dada, hata njia anampisha, kwa hiyo Leiwia akitaka majina ya samaki anaacha kinasa sauti barazani, Masing anasema peke yake, anaondoka. Juzi nikapita nikasikia, "Huyu ni wa miambani. Ana macho mazuri, ila hayafiki ya anayenisikiliza."

Nikamwuliza, "Wewe, hayo nayo ni ya chuo?"

"Mama, umeniletea mke ukamfanya dada."

Na binti naye ameyasikiliza hayo mpaka betri imekwisha. Nifanyeje, na jina langu liko kitabuni?

*

Mama Roslin, nimecheka mpaka chai ikanipalia, sasa nyamaza unisikilize. Nani alikutuma kuchinja nguruwe kabla hujamtazama mwanao usoni? Ulishindana na Lona ukamshinda, hongera, umeshinda mpaka umejifungia nje.

Kwanza muulize Leiwia kwa mdomo wako, betri si jibu. Akikubali, vuka mto. Ukoo wa Lona na wenu huoana, na binti wa Lona si dada wa Masing. Usitaje viazi vyako. Mwambie, "Dada, mchukue awe wako." Atakucheka, mwache acheke. Yeye atoe mkeka, wewe utoe nguruwe mwingine, wazee wa pande zote waridhie, ndipo Masing apeleke posa kama mwanamume mwenye miguu.

Ukurasa wa kwanza utakuwa wa Lona, na utavumilia. Unalilia karatasi, mama, wakati unaweza kupata wajukuu wa kugombana kwa lugha yenu barazani kwako? Tena neno la kumwita mama mkwe Leiwia hajalinasa bado. Hakuwa na wa kumwita.

Lona naye anatusikiliza. Amepiga simu sijamaliza kusoma barua yako, anasema mkeka bado anao, na viazi virefu vije vimeshapikwa. Basi Leiwia akikubali, sherehe ya mkeka na nguruwe ni uwanjani kwake, Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, na wote mnaonisikia mnangojwa.