Diski Moja, Seva Mbili

Jumatatu, 3 Februari. Palma
Diski ya pamoja imekaribia kujaa tena. Nimefuta picha zilizojirudia. Humo mna majina ya watu waliopotezana na ndugu zao wakati wa kukimbia vita, kwa hiyo nafuta polepole. Seva mbili, diski moja. Moja inaandika, nyingine inangoja mwenzake azimike. Salimo, mwenzangu wa kazi, anaziita wake wenza. Yeye ana mke mmoja tu na anamwogopa.

Jumanne, 4 Februari
Bi Awa kaja kutoka Diaca kumwandikisha mwanawe aliyepotea. Saa nzima. Urefu, shati, kovu kwenye nyusi. Niliingiza moja kwa moja kwenye kompyuta. Karatasi tuliziacha tangu mvua ilipotuloweshea kabati zima.

Ijumaa, 7 Februari
Nimefanya upumbavu.
Salimo alikuwa msikitini. Radi ikapiga karibu. Kwetu Mueda radi ikinguruma tu, mama anachomoa kila waya ndani ya nyumba. Nikachomoa wa antena, kisha ule mwembamba unaoziunganisha seva. Kazi yake naijua. Mkono ulitangulia.
Bila waya ule kila seva ilidhani mwenzake amekufa. Zote mbili zikaandika kwenye diski ile ile hadi mvua ilipokatika. Ipo kinga ya kuzuia hilo. Niliizima mwenyewe mwezi jana kwa sababu ilinisumbua.
Nimerudisha waya. Diski haisomeki.

Jumamosi, 8 Februari
Chefe, mkuu wetu wa kazi, kauliza nani alikuwa chumbani. Nikasema nimekuta hivyo. Akatazama kiti cha Salimo.
Nakala ya mwisho ni ya Jumapili iliyopita. Ya wiki hii yote yamepotea, na Bi Awa yumo. Salimo alishinda akijaribu kuokoa chochote. Mimi nilimshikia tochi. Mwongo mimi.

Jumapili, 9 Februari
Kanisani sikuimba. Ujumbe wa Salimo: chefe kamwambia kesho asije. Ananiita mana, dada, kama kawaida. "Mana, pengine Ijumaa nilisahau kitu kabla ya kutoka. Wewe unakumbuka?"
Anajitilia shaka mwenyewe. Sijala.

Jumatatu, 10 Februari
Nimemwambia chefe yote. Kanitoa kwenye seva. Kazi yangu sasa ni kuwafuata watu wa wiki ile, mmoja mmoja, niwaandike upya. Salimo kaitwa arudi. Nilimweleza mlangoni. Aliegemea mlango.
"Hata kwetu tungechomoa, mana. Ila ungeniambia."
Kaingia ndani. Leo hakutania chochote.

Kinga imewashwa. Niliichungulia kabla sijakabidhi funguo.

Jumatano, 12 Februari
Diaca, kwa pikipiki, mgongo unauma. Nilimwambia Bi Awa kwamba maneno yake yamepotea na kosa ni langu. Hakugomba. Alinipa kigoda, akaanza upya. Urefu. Shati. Kovu, nyusi ya kulia.
Nikasimamisha kalamu. Ninavyokumbuka, Jumanne ile alisema kushoto. Siwezi kuapa. Nikamuuliza.
Akagusa nyusi yake ya kushoto. Kisha ya kulia. Akafumba macho.
"Ngoja kidogo, mwanangu," akasema.
Nikafunga daftari, nikakaa naye.