Kilio cha Mlangoni pa Wodi

Dada yangu mpenzi,

Watoto hawajambo, na paa limeacha kuvuja. Kwaya nayo imeiva. Ule mchezo wa msiba wa Wagiriki wa kale tunauimba Jumamosi bila maneno, kwa pumzi, vilio, ngoma na vishindo vya miguu tu.

Najua nilikualika. Sasa nakuomba usije.

Waimbaji walikuwa wakilia kama wanaomenya vitunguu, basi nikawafundisha kilio kimoja ninachokijua. Ni kile chako cha mlangoni pa wodi, siku mwanao alipotutoka. Mpiga ngoma akaniuliza, "Hiki umekitoa wapi?"

"Kwa Wagiriki," nikamjibu.

Jana wamekipatia sawasawa, dada, hata nikajikuta napiga makofi.

Mdogo wako