Chupa ya Mama na Mashine ya Delfino

Rito Hondo,
New Mexico.
12 Machi 2016.

Mpendwa mdogo wangu Crisanta,

Nakusalimu mimi dada yako, ambaye bado natembea kwa miguu yangu. Magoti yako yanasemaje? Na huo upepo wa Rawlins, bado unawavua watu kofia? Huku sote wazima. Kwaresima imetukuta salama. Juzi nilipika panocha, ule uji mtamu wa ngano, ikaungua chini, nikaila hivyo hivyo. Theluji imeanza kuachia upande wa jua na kondoo wawili wameshazaa.

Usinicheke mwandiko. Ni zile herufi alizonifundisha binti yangu Nestora alipokuwa darasa la kwanza, sijapata nyingine.

Habari za mjukuu wangu Delfino najua umezisikia, maana Nestora mama yake hafungi mdomo. Ni kweli. Mwezi wa kumi alitoka harusini kwa akina Archuleta amelewa, akaendesha pikapu yangu mpaka ikalala juu ya uzio wa jirani. Hakufa mtu, namshukuru Bikira. Uzio ameujenga upya kwa mikono yake na mimi nikiwa nimesimama pale pale nikimtukana.

Hakimu alimpa mambo mawili. Kwanza, Jumamosi nane za shule mjini, shule ya watu walioshikwa wakiendesha wamelewa. Pili, mashine ifungwe kwenye pikapu kwa mwaka mzima. Ina mrija mweusi kama shingo ya bata. Unapuliza kwanza, ukiwa safi gari linawaka, ukiwa na pombe linagoma, na mashine inaandika habari zako kwa wakubwa. Hakimu alimwambia wazi kwamba akikosa darasa au mashine ikimkamata, siku tisini jela. Na Rosaura mkewe anajifungua mwezi wa tano. Hesabu mwenyewe mtoto angezaliwa baba akiwa wapi.

Kwa kuwa gari ni moja nyumbani, na mimi nikawa napuliza. Mwaka huu zamu ya kulitunza kanisa ni yangu, kwa hiyo Jumapili natoka alfajiri nikawashe jiko la kuni kabla watu hawajafika. Mara mbili hivi mashine ilinigomea. Nikasema ni baridi. Nilisubiri kidogo, nikasali fungu moja la rozari, nikapuliza tena, gari likawaka. Sikumwambia mtu. Nimwambie nini, kwamba gari zee halitaki kuamka?

Mwisho wa mwezi wa pili ikaja barua ya mahakama. Mashine imenusa pombe mara mbili, Delfino afike mbele ya hakimu.

Crisanta, nilimpiga mtoto wa watu kwa taulo la vyombo, mwanamume mzima wa miaka ishirini na sita. Alikaa tu pale mezani. Akasema, "Bibi, sijagusa hata tone."

Nikamjibu, "Hata babu yako alikuwa hajagusa hata tone, tukamwokota mtaroni anaimba."

 Tangu siku hiyo akawa anakula amesimama, kisha anatoka kwenda kwa kondoo. Rosaura naye aliacha kumwangalia usoni. Alikunja nguo za mtoto akaziweka kwenye begi, na begi akaliweka karibu na mlango. Nami nilimwona ana haki. Ndivyo nilivyokuwa na uhakika.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya kuleta jamaa darasani. Nilikwenda nikiwa nimenuna. Mwalimu wao ni mwanamke mnene mpole, anaitwa Zulema. Alipanga mezani kopo la bia, glasi ya divai na kibilauri cha wiski, akasema vyote mwilini ni kitu kimoja, havijuani majina. Kisha akatuuliza sisi jamaa ni nini kingine nyumbani chenye pombe ambacho hatukiiti pombe. Mzee mmoja nyuma akasema, mzizi wa chuchupate kwenye wiski, wa kikohozi. Darasa zima likacheka, maana ni nyumba gani bonde hili haina hiyo chupa? Mwalimu akauliza watu wanakunywa kiasi gani. Kila mtu akasema kijiko.

 Chupa yangu mimi ilikuwa kwenye mkoba, magotini.

Mapumziko nikamwambia Delfino anisomee tena ile barua, lakini safari hii na siku na saa. Akasoma: tarehe saba mwezi wa pili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili. Tarehe ishirini na moja, saa ile ile, Jumapili. Akaacha kusoma. Tukatazamana. Saa hiyo ya Jumapili mjukuu wangu hata kwa mzinga haamki.

Siku ya mahakama Nestora alinipigia simu toka Albuquerque kunifundisha. Sema kijiko, mama, kijiko kimoja tu cha dawa, basi. Nikamwambia nimesikia.

Nilisimama nikasema aliyepuliza ni mimi. Hakimu hakushtuka hata kidogo. Alivua miwani akasema, "Mama, tangu nikalie kiti hiki, mabibi wote wa bonde hili wamekuja kuniambia hivyo hivyo."

Sasa, kumbe ile mashine inapiga picha. Nani aliniambia? Karani akaleta karatasi mbili. Ndimi, na kitambaa changu cha sufu cha Jumapili, mashavu yamevimba, macho yamenitoka kama mbuzi aliyekabwa na mahindi. Delfino alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha karani. Kisha hakimu mwenyewe akajifunika mdomo kwa faili. Nikajua mtoto amepona.

Ndipo hakimu akaniuliza, taratibu tu, kama anayeuliza njia, "Kilikuwa kijiko kimoja?"

Mdomo ulikuwa tayari umeshashika kile kijiko cha Nestora. Nikamwangalia Delfino, bado anafuta machozi ya kicheko, huyu niliyempiga kwa taulo. Nikasema, "Kikombe, mheshimiwa. Kile cha kunywea kahawa, kimejaa wiski ya mzizi. Kila asubuhi tangu mume wangu Onésimo azikwe."

Hakucheka mtu tena. Miaka mitano, Crisanta. Sikuwahi kulisema hilo hata kwa padri, maana nani anaungama dawa? Jumapili za kanisa nilikuwa nakinywa nikirudi, ila zile mbili baridi ilinishinda, nikakinywa kabla ya kutoka.

Hakimu akamwachia Delfino. Mimi hakunihukumu, ila aliniambia kwamba siku zile mbili robo saa tu ya kuendesha ilitosha kumuua mtu njiani, na kwamba barabara haijui kama naenda kanisani. Nikamwambia ni kweli. Nikamwomba ruhusa nikae darasani Jumamosi zilizobaki. Miaka sabini na minane, ndiyo kwanza nimekaa kwenye kiti cha shule. Kigumu. Zulema ananiita bibi, lakini nikisinzia ananigonga meza.

Rosaura amelirudisha begi kabatini. Delfino nilimwomba radhi mbele yake. Akasema atanisamehe nikimpa lile taulo.

Sasa nafika kwako, ndiyo maana nimechukua kalamu. Chupa ile alitufundisha mama sote wawili, kwenye jiko moja. Wewe unaendesha kwenye barafu asubuhi na wajukuu wamejaa kiti cha nyuma. Usiniandikie kwamba ni kijiko. Mimi nakijua hicho kijiko. Mumeo Bustos alipokufa, sauti yako kwenye simu ya asubuhi ilibadilika, nikanyamaza, kwa sababu yangu nayo ilikuwa imebadilika. Tumenyamaziana vya kutosha.

Humu kwenye bahasha kuna mizizi mikavu. Ichemshe kwa maji. Ladha yake ni kama kulamba tandiko la farasi, kikohozi changu kimepungua nusu tu, na asubuhi ni ndefu mno, sikudanganyi. Ikikuzidi, nipigie. Mimi nami niko macho.

Leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho. Asubuhi tulipopanda gari, Delfino akanipa ule mrija, akasema, "Anza wewe, bibi." Nikapuliza. Likawaka mara moja, na baridi yote ile.

Nisalimie Eleuterio na mkewe, na wale mapacha, na mama Ortega wa jirani kama bado anaringa. Delfino, Rosaura na hilo tumbo lake wanakusalimu. Mungu akufunike kwa mkono wake, barabara zako ziwe kavu, na akupe nguvu ya kuimwaga chupa hiyo leo, usingoje kesho.

Dada yako akupendaye kuliko unavyostahili,
Eduvigen