Babu Tope Hatamrudisha Baba

Shangazi Nyanchoka mpendwa, nakuomba unisome leo leo, kwa sababu nikingoja mpaka wiki ijayo sijui nitakuwa nimebaki na nani.

Mimi naitwa Susana, Mkuria wa upande wa Migori, nimeolewa kwa Wajaluo huku kando ya ziwa, karibu na Mbita, na kwetu sisi ni watu wa ng'ombe, maji mengi niliyoyajua ni ya mto wakati wa mvua, lakini nilimpenda Caleb na Caleb alikuwa mvuvi, basi nikaja. Msimu wa mvua uliopita kiboko alipindua mashua yao wakitega nyavu, mwenzake Otieno akaogelea akatoka, Caleb hakutoka, wakamtafuta wakachoka, na mwili haukuonekana. Huku mtu akipotea majini hivyo, huchumwa yago, lile tunda refu zito linaloning'inia mtini, likazikwa kaburini mahali pake ili marehemu atulie na waliobaki watulie. Watu walililia lile tunda kama ndiye yeye, na mimi nililia, lakini binti yangu Lynnet, wa miaka saba, hakutoa chozi. Aliliangalia likishuka, halafu akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama, na baba mwenyewe je?" Nikamwambia nyamaza.

Akanyamaza kweli. Shangazi, mtoto alikaa hivyo, haongei, uji hanywi, mpaka mwalimu wake alipoanza kuwasomea kile kitabu cha Babu Tope, ambacho hata mimi nilisomewa nikiwa mdogo, yule kiboko mnene mwenye kofia ya magugu maji anayewavusha wanyama waliokwama ng'ambo, na kila ukurasa anauliza, "Nani amechelewa kurudi nyumbani? Panda mgongoni!" Siku hiyo Lynnet alirudi anacheka, akaomba ugali, akaniambia Babu Tope anajua mahali baba amekwama. Mimi niliyekuwa nimekaa na mtoto bubu, Shangazi, ningesema nini? Nilisema ndiyo, kula. Tangu hapo namsomea kila jioni, na mezani tunaweka sahani tatu, kwa sababu anasema baba atafika na njaa.

Sasa kumbe yule kiboko mwenyewe hakwenda mbali. Jua likianza kuzama anatoka kula nyasi kando ya mashamba yetu, sikio moja limeraruka, na Otieno anaapa ni yule yule. Watu wazima wote wanajua ni yeye aliyemuua Caleb. Lynnet aliambiwa tu mashua ilipinduka.

Juzi nilikuwa naanua omena, dagaa wetu wa huku, jirani yangu Filister akaja anapiga kelele, "Mama Lynnet, kimbia, mtoto yako ako kwa maji na rao!" Rao ndiye kiboko kwao. Nilikimbia nikaacha omena pale pale, nikamkuta Lynnet amesimama kwenye matope ameshika koti la baba yake, na kiboko yuko mbele yake, karibu kama kutoka mlangoni kwangu hadi jikoni, anamtazama, na mtoto anamwambia kwa upole kabisa, "Babu, mlete. Nimekuja na koti yake, asisikie baridi." Shangazi, sikumwita. Nilisimama nyuma ya mashua iliyovutwa ufukweni, naangalia yale maji nyuma ya kiboko, naangalia tu, na sijui kwa nini. Ni Filister aliyenipita mbio akamshika mtoto mkono akamburuta, na mnyama akaachama mdomo, akapiga maji kwa kichwa, akarudi ndani. Mpaka leo Filister hanisemeshi.

Nyumba imegawanyika. Shemeji yangu Jared anasema, "Ambia huyo mtoto ukweli. Hiyo Babu Tope yake ndio iliua baba yake. Alafu achapwe, hatarudi huko." Mama mkwe anasema, "Wacha nyathi, huyo ni mtoto. Ukimwambia hivyo atanyamaza tena, na hii mara hataongea." Mimi nimemfungia ndani, anagonga mlango akimwita Babu Tope. Nikinyamaza ziwa litamchukua, nikisema nitakuwa nimemuulia baba mara ya pili, na huyo rafiki yake Babu Tope pia. Nifanye nini?

Susana, karibu na Mbita

*

Susana mwanangu, pole. Pole kwa Caleb, na pole kwa kuomboleza ugenini, mahali ambapo hata desturi ya kumzika mumeo ilibidi ujifunze siku ile ile. Hilo si jambo dogo. Sasa nisikilize, na usinikasirikie mpaka nimalize.

Mtoto wako hana kosa lolote. Aliona tunda linazikwa, akauliza swali la maana kuliko yote yaliyosemwa pale kaburini, na wewe ukamwambia nyamaza. Kitabu kikamjibu. Ukikataa kumjibu mtoto, atajibiwa na yeyote, hata na kiboko. Huyo shemeji yako mwambie fimbo yake akaichomeke kwenye ua wa shamba, huko itafaa. Mama mkwe ana huruma, simbishii, lakini ni ukimya huo huo uliomtembeza Lynnet hadi matopeni. Na wewe na mlango wako! Utamfungia mpaka lini? Siku utakapopeleka omena sokoni mlango utafunguka, na anajua njia.

Fanya hivi, na ufanye mchana, jua likiwa juu. Mchukue Lynnet na bibi yake mwende kaburini. Bibi ndiye mwenye desturi, basi yeye amweleze yago ni nini na kwa nini iliwekwa pale. Kisha wewe mama yake useme: baba amekufa. Usiseme amesafiri, usiseme amelala, usiseme amekwama. Akikuuliza ilikuwaje, na atakuuliza, mwambie mashua ilipinduliwa na kiboko wa ziwani, mnyama asiyemjua baba kwa jina, aliyeona mashua inamkaribia akakasirika. Mwambie kiboko wa ziwani hana kofia na hajawahi kumvusha mtu. Babu Tope anaishi kitabuni, na kitabuni aendelee kumpenda, usikichome wala usikifiche. Lile koti mwachie aliweke kaburini kwa mikono yake mwenyewe. Atalia, na umwache alie, hicho ndicho kilio alichonyimwa siku ya mazishi. Akinyamaza tena, usiogope, kaa naye, mwambie mwalimu wake, na mpeleke hospitali kwa mshauri wa watoto, wapo.

Kiboko huyo naye hawezi kuachiwa ufuo. Leo hii wazee wa ufukweni wawaite askari wa wanyamapori, na mtoto yeyote, si wako tu, asionekane karibu na maji jua likianza kushuka. Filister nenda kwake kwa miguu yako, umshukuru. Alikuletea mtoto akiwa hai.

Nimebakiza neno moja, na hili ndilo lililonifanya nikujibu kabla ya wengine walioniandikia. Uliandika kwamba hukumwita Lynnet, na kwamba hujui kwa nini. Unajua, Susana. Ulikuwa unaangalia kama kuna mtu mgongoni mwa yule kiboko. Zile sahani tatu hukuziweka kwa ajili ya mtoto peke yake. Sikucheki wala sikulaumu, hata mimi nimefiwa na najua moyo unavyofanya. Lakini siku ile ulimngoja Caleb huku Lynnet anakaribia kufa mbele ya macho yako, na kama si jirani, ungekuwa unaniandikia habari nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kumwita mtoto, nenda kaburini wewe kwanza, peke yako, useme kwa sauti kwamba Caleb amekufa. Sema mpaka ujisikie ukisema. Kisha rudi, fungua mlango, mshike binti yako mkono, na jioni ya leo uweke sahani mbili.