Mizani za Shairi la Mjerumani

Mjukuu wangu,

Umeuliza habari za shairi la Kijerumani lililotafsiriwa, na umemuuliza mtu ambaye Kampala nzima ilimtegemea kwa ushairi. Bibi yako anakusalimu, Katwe hatujambo.

Enzi za wanajeshi, askari wa kizuizi cha barabarani alilikuta shairi hilo mfukoni mwangu. Pembeni mwa kila mstari nilikuwa nimeandika nane, nane, nane. Angeweza kunipakia garini, na ya huko walikopelekwa wengine siyaandiki.

"Namba za siri hizi, bwana. Na mstari huu mbona unarudirudi?"

"Ni mizani, afande. Mjerumani alifiwa, na mfiwa hurudia maneno. Vina vilipotea kwenye tafsiri, marudio yakabaki."

Akahesabu silabi kwa vidole.

"Nenda. Lakini mstari wa mwisho ni saba."

Leo nimehesabu tena. Ni saba kweli, na miaka yote nimesimulia kwamba mimi ndiye niliyemfundisha askari yule mizani.

Babu yako mdogo