Kilimia Kilichopo Ukutani Kwako

Ilemi, Mbeya
14 Juni 2025

Dada yangu Rozalia,

Kamwene, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kihesa, cherehani inalia, na kifua cha shemeji Antoni kimetulia. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu inang'ata mpaka meno ya bandia. Mama nisalimie kwanza, halafu rudi ukae ndipo uendelee kusoma.

Utashangaa ninaandika barua wakati simu ninayo, tena kubwa. Kwenye simu huwa nakuchekesha, unacheka, tunaagana. Hili sitaki ucheke.

Studio inakwenda. Juzi nilipiga picha harusi ya watu wa Vwawa, bibi harusi akasema kwenye picha hata mama yake hakumtambua. Mimi niliishia kidato cha pili, lakini nimefika Lusaka na Lubumbashi, na katika Mbeya hii nionyeshe mwingine anayepiga picha za nyota za mbali akiwa uani kwake, katikati ya mji, kuku wamelala pembeni. Hayupo. Kile kifaa cha kuzungusha kamera taratibu ifuate nyota nilikiunda mwenyewe, kwa mota ya printa mbovu na bawaba ya mlango. Wazungu wa kundi letu la mtandaoni waliniuliza nimesoma chuo gani. Nikawajibu, cha Ilemi.

Tatizo la mji ni taa. Anga linakuwa jeupe kama uji, na vitu hafifu havionekani. Nikazunguka kwa majirani kuwaomba wazime taa za nje. Mama Sarah akaniambia kama nataka giza niende Usangu nikalale na ng'ombe. Mwenyekiti wa mtaa akaja kuniuliza, kwa upole kabisa, kama ninaroga. Nikampiga picha ya bure, akaondoka. Kwa hiyo taa moja tu ilikuwa chini ya mamlaka yangu: ya kwetu, ile ya njia ya chooni.

Ile picha ya kilimia uliyoitundika sebuleni nilimpigia Mama. Unakumbuka alivyokuwa akituonyesha kule shambani, zile nyota zilizojikusanya kama vifaranga, akisema zikirudi ndipo watu wanoe majembe. Nilitaka aone kwamba zimezungukwa na vumbi la bluu ambalo jicho halilioni. Ili vumbi hilo litokee unapiga picha nyingi, dakika mbili mbili, kisha unaziunganisha kwenye kompyuta ziwe moja. Mwanga ukiingia, picha ya wakati huo imeharibika.

Sasa wiki iliyopita uliniambia kwamba umemkataza Mama kutoka nje hata mchana. Kwamba bibi mkaidi aliyekwenda chooni gizani bila tochi, akavunjika nyonga, haaminiki tena, na ukienda sokoni unamfungia kwa komeo. Mimi nikacheka, nikakuunga mkono. Nilipokata simu ugali ulinishinda.

Dada, usiku ule wa Agosti Mama alipoanguka, akiwa bado anaishi hapa kwangu, umeme haukukatika. Taa niliizima mimi.

Na Mama hakuwa mkaidi. Ilikuwa kama saa kumi alfajiri. Alisimama mlangoni akaniita, akaniomba nimuwashie taa apite. Nikamwambia asubiri dakika mbili, picha ikamilike. Akasema haya, baba. Dakika mbili zikaisha, nikaangalia kwenye kioo cha kamera, na kilimia kilikuwa kizuri mno. Nikaanzisha nyingine. Akaniita tena, nikamwambia bado kidogo. Nikaanzisha ya tatu. Hakuniita tena. Nadhani hakutaka kunisumbua. Akashika ukuta, akaenda. Nilisikia ndoo, kisha nikamsikia yeye.

Hospitalini Mama akawaambia manesi kwamba umeme ulikatika. Ulipofika wewe ukauliza, akarudia vilevile, akinitazama. Nami nikaitikia. Miezi kumi sasa nyonga inamuuma yeye, lawama unampa yeye, na mimi nakula sifa za picha.

Mfungulie mlango, dada. Akitaka kukaa uani aote jua, mwache akae. Ukali wote uliomfanyia Mama ulikuwa wangu. Ulete huku, nitaupokea nikiwa nimesimama.

Ndani ya bahasha kuna picha nyingine. Usidhani imeungua. Ni ile ya tatu, ambayo niliitoa nilipokuwa naziunganisha, kwa sababu ilikuwa bado haijakamilika nilipokimbilia swichi. Taa iliwaka palepale, kama unavyoona: ni nyeupe tupu, hakuna nyota hata moja. Itundike kando ya ile ya bluu, au zitoe zote mbili. Mama ndiye aamue.

Taa ya njia ya chooni siku hizi inawaka tangu magharibi mpaka kunakucha, ingawa hakuna wa kupita ila mimi. Kamera naitumia kwa harusi tu.

Nisalimie shemeji na wote wa hapo. Mwambie Mama nitakuja Jumamosi, na kwamba safari hii akiniita mara ya kwanza tu, nitakwenda.

Ni mimi mdogo wako,
Liberatus